Megawati 49.9

Ukipitia orodha ya maombi ya kujenga mashamba ya umeme wa jua nchini Uingereza kwa miaka kumi na zaidi iliyopita, kuna namba moja itakayokuchosha macho: megawati 49.9. Shamba hili 49.9, lile 49.9, la kaunti ya jirani nalo 49.9. Hakuna sababu ya kihandisi. Jua la kule halina kikomo hapo, wala paneli haziuzwi kwa mafungu yanayoishia kwenye namba hiyo. Sababu imo kwenye Sheria ya Mipango ya mwaka 2008, iliyosema kwamba mtambo wa umeme wa nchi kavu unaozidi megawati 50 ni mradi wa miundombinu wenye umuhimu wa kitaifa. Ukivuka hapo, halmashauri ilikuwa haina tena mamlaka ya kukuruhusu wala kukukatalia. Mwenye neno alikuwa waziri, London. Ukibaki chini ya hapo, ombi lako lilikuja kwa watu kama mimi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Kazi yangu ni kupokea na kusajili maombi ya vibali vya ujenzi katika halmashauri ya wilaya moja mashariki mwa England. Nasema England kwa makusudi, maana Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Ombi linapoingia, siulizwi kama mradi ni mzuri au mbaya. Hilo ni la maofisa mipango na madiwani. Mimi naliweka kwenye kundi lake: dogo, kubwa, au si letu kabisa. Wapo wanaoona ni kazi ya karani tu. Mimi naona humo ndimo mambo mengi yanapoamuliwa kabla hata ya kikao cha kwanza, kwa sababu kundi ndilo linalosema ombi litakaa mezani muda gani, tangazo litawekwa wapi, mwenye mradi atadaiwa nini, na mzee anayeishi pembeni ya kiwanja atasikilizwa na nani.

Mjomba wangu, mwashi wa siku nyingi, aliwahi kuniuliza kwenye simu: “Sasa mjomba, mradi mkubwa si unaonekana kwa macho?”

“Mjomba, macho ya diwani na macho ya mkandarasi hayaoni sawa,” nikamjibu. “Ndiyo maana sheria ikaleta futi kamba.”

Na vipimo vyenyewe si vigumu. Kwa kanuni za utaratibu za mwaka 2015, nyumba za kuishi zikiwa 10 au zaidi, mradi ni mkubwa. Kama idadi ya nyumba haijajulikana, eneo la nusu hekta linatosha kuuita mkubwa. Jengo lisilo la makazi likiwa na sakafu ya mita za mraba 1,000 au zaidi, ni kubwa. Kiwanja cha hekta 1 au zaidi, mradi ni mkubwa hata kama kitakachosimama juu yake ni kidogo. Machimbo ya madini na miradi ya taka huingia kundi la wakubwa moja kwa moja, bila kupimwa.

Kinachofuata baada ya jina hilo ndicho kinachowauma waombaji. Ombi la kawaida halmashauri hupewa wiki 8 kuliamua. Kubwa hupewa wiki 13. Kubwa lazima litangazwe gazetini, mbali na karatasi inayofungwa kwenye nguzo ya taa karibu na kiwanja au barua kwa majirani. Kubwa lazima lipelekwe kwa mamlaka ya kaunti inayosimamia mafuriko, ili iseme maji ya mvua yatakwenda wapi. Na juu ya yote, mradi mkubwa wa nyumba unaweza kutakiwa utoe sehemu ya nyumba zake kwa watu wasiomudu bei ya soko. Mdogo, kwa sera ya taifa, hautakiwi, isipokuwa katika baadhi ya maeneo ya vijijini yaliyotajwa rasmi.

Hapo ndipo inapozaliwa namba 9.

Kila ombi huja na ramani ya eneo, kwa kawaida kwa kipimo cha 1:1250 au 1:2500. Juu yake pana mstari mwekundu unaozunguka ardhi yote inayohitajika kwa mradi. Ardhi nyingine ya mwombaji iliyo jirani huzungushiwa mstari wa bluu. Nakumbuka ramani moja ya yadi ya shamba la zamani: maghala mawili ya kubomolewa, nyumba 9 za kujengwa, kubwa kubwa, kila moja na gereji yake. Mstari mwekundu uliteremka vizuri ukifuata ua wa miti, kisha ghafla ukakata kuingia ndani, ukaacha ukanda mwembamba wa nyasi kwenye eneo la bluu, halafu ukarudi tena kwenye ua kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikaupima kwenye kompyuta. Chini kidogo ya hekta 1. Ukanda ule ukiingizwa, eneo linapita hekta 1.

Nikafungua mchoro wa mifereji. Bomba la maji ya mvua kutoka nyumba zote 9 lilichorwa likipita katikati ya ukanda uleule, hadi mtaroni. Maana yake ukanda ni sehemu ya mradi, na lazima uwe ndani ya mstari mwekundu. Nikalirudisha ombi. Liliporudi kwangu, mstari ulikuwa umenyooka kandokando ya ua, na nikalisajili kuwa kubwa.

Kujenga nyumba 9 si kosa. Viwanja vingine kweli havibebi zaidi ya hapo. Lakini nimeona viwanja vinavyoweza kubeba 14 vikipangwa 9, na kila nikiona hivyo moyo unaniuma, kwa kuwa najua nani ameondolewa kwenye mchoro ule. Ni muuguzi, ni dereva wa basi la shule, ni kijana aliyezaliwa kijiji kilekile na sasa anapanga chumba maili ishirini kutoka kwa mama yake. Nyumba mbili tatu za bei nafuu ambazo zingewahusu zimefutwa na namba, hata kabla hatujaanza kubishana kuhusu rangi ya matofali.

Wapo pia wanaokata kiwanja vipande: leo nyumba 6, mwakani nyumba 6 nyingine, barabara ya kuingilia moja. Kwa hao mahakama zimetupa msaada. Katika kesi ya mwaka 2003 iliyohusu halmashauri ya Westminster yalikubalika maswali ya kuuliza: ardhi ni ya nani, je, vipande hivyo kwa hali halisi ni eneo moja, na je, mradi wenyewe ni mmoja? Majibu yakielekea upande mmoja, halmashauri inaweza kuvihesabu pamoja. Si silaha inayopiga kila mara, ila inatisha.

Kuna mchujo wa pili, wa mazingira, ambao una namba zake tofauti kabisa, na hapa hata wenzangu wa ofisini huchanganyikiwa. Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2017 zina orodha mbili. Ya kwanza ni ya miradi ambayo tathmini ni lazima, hakuna mjadala: kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, barabara kuu za magari ya kasi, uwanja wa ndege wenye njia ya kurukia ya mita 2,100 au zaidi. Orodha ya pili ni ya miradi inayotazamwa kwanza. Mradi wa nyumba unaozidi 150, au eneo linalozidi hekta 5, huletwa kwetu tuseme kama una uwezekano wa kuathiri mazingira kwa kiasi kikubwa. Tukisema ndiyo, tathmini inafanywa. Kwa hiyo nyumba 40 ni mradi mkubwa kwenye daftari la kwanza, na kwenye la pili hata hazitazamwi.

Isipokuwa mahali penyewe pawe nyeti. Ndani ya hifadhi ya taifa, au kwenye eneo lililolindwa kwa ajili ya viumbe wake, vile viwango vya orodha ya pili huondolewa na mradi hutazamwa hata ukiwa mdogo. Sera ya mipango ya England inakwenda mbali zaidi: ndani ya hifadhi za taifa na mandhari zinazolindwa, swali la kama mradi ni mkubwa halijibiwi kwa hesabu. Mwamuzi anatakiwa atazame aina yake, ukubwa wake, mahali ulipo, na kama utadhuru kile kilichofanya eneo hilo lilindwe. Nyumba 5 kwenye bonde tupu zinaweza kuitwa mradi mkubwa. Kati ya kanuni zote ninazofanya nazo kazi, hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Inawapa kazi wanasheria, kweli, na inachelewesha. Lakini inakubali kwamba uzito wa mradi unategemea pia bega linaloubeba.

Sasa turudi kwa waziri. Kwa nini Bunge liliiwekea miradi ya kitaifa njia yake ya peke yake? Jibu fupi ni Heathrow, uwanja wa ndege wa London. Uchunguzi wa hadhara kuhusu jengo la tano la abiria katika uwanja huo ulifunguliwa Mei 1995 ukafungwa Machi 1999, baada ya vikao vya siku 525. Idhini ilitoka Novemba 2001. Abiria wa kwanza walipita hapo Machi 2008. Kabla yake, kinu cha nyuklia cha Sizewell B kilichukua vikao vya siku 340, kati ya mwaka 1983 na 1985. Na kila mradi wa namna hiyo ulihitaji vibali vingi chini ya sheria mbalimbali, kila kimoja na mlango wake.

Sheria ya mwaka 2008 ilileta kibali kimoja na kalenda. Ombi likiwasilishwa, zipo siku 28 za kuamua kama limekamilika kiasi cha kupokelewa. Baada ya maandalizi, uchunguzi hauzidi miezi 6. Wakaguzi wana miezi 3 ya kuandika mapendekezo yao, na waziri miezi 3 ya kuamua, ingawa anaweza kujiongezea muda na mara nyingi hujiongezea. Ili kujua nani aingie kwenye njia hiyo, sheria, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, ikaweka namba kwa kila aina ya mradi. Upanuzi wa uwanja wa ndege unaoongeza abiria milioni 10 kwa mwaka. Bandari itakayoongeza uwezo wa kontena 500,000 kwa mwaka. Bwawa la maji litakaloshika zaidi ya mita za ujazo milioni 30. Njia ya umeme ya juu ya kilovolti 132 na kuendelea, yenye urefu wa kilomita 2 au zaidi. Mitambo ya upepo baharini inayozidi megawati 100. Reli ya mwendokasi ya HS2 haimo humo; yenyewe ilitungiwa sheria yake mahususi bungeni mwaka 2017.

Kalenda haikupunguza karatasi. Ombi la barabara na handaki la kupita chini ya mto Thames, mashariki mwa London, lilipokelewa mwaka 2022, nyaraka zake zikafikia zaidi ya kurasa 350,000, na idhini ikatoka Machi 2025. Kampuni ya umeme wa jua yenye mtaji wa kawaida ikitazama mzigo kama huo, hata uwe sehemu ndogo tu ya huo, kisha ikatazama ombi la halmashauri la wiki 13, ilichagua 49.9. Mhandisi anaweza kuongeza paneli zaidi ya hapo, kwa sababu kinachopimwa ni umeme unaotoka baada ya inverta, yaani kifaa kinachoubadilisha umeme wa paneli, na wala si jumla ya uwezo wa paneli zenyewe. Sera ya taifa inakadiria kwamba shamba la megawati 50 huchukua ekari 125 hadi 200. Ukiendesha gari ukalipita, huwezi kusema kwa macho kama ni la diwani au la waziri. Lakini shamba la kwanza la jua lililopitia njia ya kitaifa, la Cleve Hill katika nyika za matope karibu na Faversham, Kent, lilikuwa la megawati 350, na lilipata idhini Mei 2020. Kati ya 49.9 na mamia hayo kukabaki pengo, kwa kuwa ukishaingia kwenye gharama za njia kubwa, inakulazimu uwe mkubwa kweli ili zilipe.

Serikali imeliona hilo. Kuanzia mwisho wa mwaka 2025 kiwango cha umeme wa jua kimepandishwa hadi megawati 100. Ni uamuzi wa busara, na natarajia maombi ya 60 na 70 yatakuja mezani kwetu. Ninachoogopa ni kwamba mstari umesogezwa tu, na palipo na mstari pana watu wa kuusogelea.

Wasiwasi wangu mkubwa zaidi hauko kwa wenye miradi, maana hao wana mawakili. Uko kwa jirani. Alikuja kaunta yetu mama mmoja wa makamo na barua ya kurasa nne, mwandiko wa mkono, safi, na picha alizopiga mwenyewe za mtaro unaofurika nyuma ya nyumba yake kila majira ya baridi. Ilihusu shamba la jua lililopangwa upande wa pili wa mtaro huo. Nilipotazama, mradi ulikuwa wa njia ya kitaifa. Huko, ukitaka kuhesabiwa kuwa mhusika, unajiandikisha kwa kutuma maoni yako kwa idara ya wakaguzi wa mipango iliyoko Bristol, ndani ya muda uliotangazwa. Aliyeguswa ardhi yake huingizwa moja kwa moja. Ya kwake haikuguswa, na muda ulikuwa umepita. Wakaguzi wanaweza kumruhusu mtu aliyechelewa, lakini hiyo ni hisani yao. Alikuwa amezoea kuleta malalamiko yake halmashauri, tangu ujana wake, na hakuna aliyempa sababu ya kufikiri kwamba safari hii mlango ni mwingine.

Nilichoweza ni kumwonyesha ofisa wetu aliyekuwa anaandika ripoti ya athari za eneo, ambayo halmashauri hualikwa kuipeleka kwa wakaguzi, na picha zake za mtaro zikaingia humo. Wengi hawafiki hata hapo. Na sheria mpya ya mipango na miundombinu ya mwaka 2025 imeondoa sharti lililoilazimisha kampuni kushauriana na wakazi kabla ya kupeleka ombi la kitaifa. Wanaoitetea wanasema mashauriano yale yaligeuka miaka ya mikutano na makabrasha yasiyosomwa. Kuna ukweli ndani yake. Hata hivyo nasema waziwazi kwamba wamekosea. Kwenye mkutano wa ukumbi wa kijiji ndipo watu wa kawaida walipogundua, mara nyingi kwa mara ya kwanza, kwamba mradi wa jirani yao ni wa kundi lile jingine.

Nyumbani Afrika Mashariki mgawanyo wa miradi unaowagusa watu zaidi ni ule wa mazingira. Tanzania, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, marekebisho ya kanuni ya mwaka 2018 yanaigawa miradi katika kundi A ambalo tathmini kamili ni lazima, B1 la miradi ya katikati, B2 la isiyolazimishwa tathmini kamili, pamoja na kundi maalumu. Cheti hupitia chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Kenya mwaka 2019 ilibadilisha jedwali la sheria yake ya mazingira, ikaipanga miradi kwa hatari: ndogo, ya kati na kubwa. Kadiri hatari inavyopanda, ndivyo ripoti inavyokuwa nzito na wananchi wanavyostahili kusikilizwa zaidi.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo watu husahau, na ndiyo iliyoamua kesi ya Lamu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, si mbali na mji wa kale wa Lamu ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Jedwali la 2019 lilikuwa bado, lakini hakuna aliyebisha kwamba mradi huo ulihitaji tathmini kamili. Tathmini ilifanyika, makabrasha yakajaa, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikatoa leseni Septemba 2016. Wakazi, kupitia shirika la Save Lamu, wakakata rufaa kwenye Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa.

Tarehe 26 Juni 2019 leseni ilifutwa. Wajumbe wa mahakama hiyo hawakusema makaa ya mawe yamepigwa marufuku Kenya. Walitazama mikutano. Wakaona kwamba iliyofanywa ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla utafiti haujakamilika; na utafiti ulipokamilika, wenye kijiji hawakupelekewa matokeo kwa namna ya kuwawezesha kuyaelewa na kuyajibu. Wavuvi walikuwa wameambiwa kuna mtambo unakuja. Hawakuwa wameelezwa ipasavyo utafiti ulikuta nini kuhusu bahari yao. Mahakama ilitaja pia sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2016, ambayo haikuzingatiwa. Kama kampuni bado inautaka mradi huo, hukumu ilisema, ianze tathmini upya, na safari hii ifuate kila hatua ya kuwashirikisha wananchi kama kanuni zinavyotaka.